Mchi wa Pili

Machimboni, Bugarama,
Msalala, Shinyanga.
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mpendwa dada Asteria,

Shikamoo dada. Habari za Newala, habari za wodini, habari za shemeji Marcel? Na mwanetu Luka, meno ya mbele yameshaota? Nawaombea nyote uzima. Nasikia mikorosho ya huko imechanua na maji bado mnanunua kwa ndoo. Maji ya kununua na sisi tumeyazoea, ila maua ya mikorosho hatuna, basi nakuonea wivu kwa hilo moja.

Sisi hatujambo. Mama yangu yupo Shinyanga mjini na vitenge vyake sokoni. Mama mkubwa, mama yako, ni mzima na anakula vizuri. Ana kikohozi kidogo, nitakieleza mbele, kwa kuwa wewe ni muuguzi na hutanisamehe nikikificha. Mimi bado nipo kwake tangu Juni, kama unavyojua.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Nimejaribu simu mara mbili. Kila nikitaka kukusimulia jambo hili, mama yako anakaa karibu, anasikiliza, kisha ananiashiria niseme tu kwamba wote wazima. Hapendi kusifiwa akiwapo. Leo amekwenda kanisani na mimi nimebaki na kalamu, kwa hiyo nitamsifu mpaka karatasi iishe.

Kwanza niseme langu, ndipo lake lieleweke. Hukuwahi kuniuliza kwa nini niliondoka mjini ghafla, nami nilishukuru. Mwezi wa tano niliitwa kwenye usaili wa kufundisha Kiingereza, shule moja ya binafsi. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Wakaniomba nijieleze kwa Kiingereza. Dada, nina shahada ya lugha hiyo, nimeisoma tangu nikiwa na miaka saba, na pale mbele yao halikutoka hata neno moja. Nilikaa kimya mpaka mmoja wao akanisogezea glasi ya maji. Niliyanywa, nikaaga kwa Kiswahili, nikaondoka. Sikumwambia mtu. Mama yako aliniona nashuka kwenye bodaboda na begi langu, akaniuliza kama nimekula.

Kazi yake unaijua lakini hujaiona. Chini ya turubai moja kubwa wapo wanawake ishirini na saba, na vinu vya chuma vimepangwa kama meza za darasani. Kila kinu wawili, wanatazamana, kila mmoja na mchi wa chuma. Mmoja akishusha, mwenzake anainua. Jiwe linapigwa hivyo mpaka liwe unga, na unga unapelekwa mwaloni, mahali pa kuoshea, ili dhahabu ibaki chini. Wamefunga khanga mdomoni kwa ajili ya vumbi, na wanaimba ndani ya khanga hizo. Mmoja akichoka husema "pokea", na anayesubiri pembeni huushika mchi ukiwa bado hewani, bila mapigo kukatika. Nilikaa wiki nzima nikitazama hilo tu, namna mchi unavyobadilisha mikono na kinu kisijue.

Mwenzake mama mkubwa kwenye kinu ni Mwaisha, mama wa Tabora aliyekuja huku zamani na biashara ya vyombo, biashara ikafa, yeye akabaki. Ulimi wake hauna breki. Ndiye pekee kati yao aliyekuwa na Kiingereza kidogo, alichokiokota kwa wateja.

Sasa lisikilize jambo lenyewe. Mwezi Julai mzee Bujiku, ambaye leseni ya eneo ni yake, aliwaita kinamama akawaambia amepata mbia kutoka nje, na mbia huyo ataleta mashine ya kusaga mawe. Wageni watakuja Septemba kutazama, na kinamama wanaruhusiwa kusema neno. Hakusema watabaki, wala hakusema wataondoka. Alikunja karatasi yake akaenda. Mashine hiyo ingesaga kabla ya saa nne asubuhi kazi yao ya siku nzima, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Neno la kusema walilijua. Wasiondolewe. Kama michi haitakiwi tena, wapewe kazi ya kuchagua mawe kabla hayajaingia mashineni, maana hakuna anayelitambua jiwe lenye mali kwa macho kama wao, na jambo hilo liandikwe. Shida ilikuwa ni nani wa kulisema. Mwaka jana walikuja wageni wengine, mama mkubwa akasema nao kwa kirefu, na Kalisti, karani wa mzee Bujiku, akatafsiri. Wageni wakatabasamu, wakapanda gari. Ndipo Mwaisha alipowaeleza wenzake alichosikia. Alisema, "Mama Asteria umesema mpaka jasho limekutoka, yeye kasema asanteni, karibuni. Huyu si mkalimani, ni chujio."

Basi safari hii wakasema mkalimani wao wanaye, amesoma mpaka chuo kikuu, analala kwa Mama Asteria. Waliniambia mchana, wakati wa uji, nikiwa nawamiminia. Mwaisha akasema, "Karibu kazini mkalimani wetu," na wote wakapiga vigelegele. Nikaitikia kwa kichwa. Uji ukamwagika, kikombe kikaanguka, nikasema sufuria ina moto. Mama mkubwa hakuutazama uji. Aliitazama mikono yangu.

Kesho yake asubuhi alifungua sanduku lake la bati, akatoa daftari lako la Kiingereza la kidato cha pili. Lipo, dada. Jalada limetoka, amelivisha karatasi ya mfuko wa sukari na kulishona kwa uzi wa turubai. Akalifungua palepale ulipoandika vile vitenzi vya maneno mawili, ambavyo neno la kwanza ni la kawaida na la pili ni dogo, lakini yakikaa pamoja yanazaa maana nyingine kabisa. Mwalimu wenu aliwataka kila kimoja mkitungie sentensi ya maisha ya nyumbani. Hati yako ilikuwa nzuri kuliko sasa. Akaniambia, "Violeth, nifundishe haya ya Asteria. Nitasema mwenyewe."

Alipowaeleza wenzake, Mwaisha alicheka akashika kinu kwa mkono.

"Umri huo, mama? Kusoma kwenyewe unasoma jina la basi tu."

"Sikusema nitasoma. Nimesema nitasema."

Nikamuuliza kwa nini aanzie hapo, kwenye sehemu ambayo hata sisi wa chuo ilitutesa. Alisema Mwaisha amewasikia wazungu wakizungumza, na hawasemi kama vitabu vyangu, wanatumia haya madogomadogo. Tena, akasema, haya ndiyo uliyoandika wewe. Nadhani sababu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Nilipasua mfuko wa saruji, nikachora jedwali kwa mkaa, kitenzi upande huu, kile kineno upande ule, maana upande wa mwisho. Siku tatu mchana, wakati wenzake wamejilaza, alikaa mbele ya jedwali langu na mikono mapajani, akirudia nilichosema, na siku iliyofuata hakikuwapo hata kimoja. Hakukasirika. Siku ya nne aliniambia hivi, "Mwanangu, maneno yako umeyasimamisha mstarini kama wanafunzi. Hayajaenda kazini."

Nilikwenda kukaa nyuma ya turubai. Ni kweli, dada. Maneno yangu yote ya Kiingereza yalikuwa hayajawahi kwenda kazini. Yalivaa sare, yakajibu mitihani, yakarudi nyumbani. Sijawahi kuomba maji kwa Kiingereza nikiwa na kiu. Nilikuwa bado nawaza hivyo niliposikia mapigo ya kinu yakianza, na juu yake sauti ya mama yako.

Alipiga mchi akasema "give". Mwaisha akapiga wa kwake akasema "up". Give, up. Give, up. Kukata tamaa, michi miwili, kinu kimoja. Nilipozunguka kuwatazama, mama mkubwa alinikonyeza bila kuacha. Alikuwa amegundua alichoshindwa kukiona profesa wangu, kwamba neno la namna hiyo linahitaji watu wawili, mmoja wa kulianzisha na mmoja wa kulimalizia, na kila mmoja akishika upande wake hakuna atakayesahau. Kufikia Jumamosi turubai zima lilikuwa linatwanga Kiingereza. Anayeanzisha ni mama mkubwa, wanaomalizia ni wote ishirini na sita. Kuna maneno ambayo yana vipande vitatu, kama "run out of", kuishiwa, na hayo waliyapeleka kwenye kinu kikubwa cha michi mitatu, wakagongana vibaya siku ya kwanza hata Mwaisha akapoteza ukucha. Alisema Waingereza wana dhambi.

Nilichomstaajabia zaidi ni jambo jingine. Mama yako hakukubali sentensi isiyo ya kweli. Niliwapa ile ya vitabuni, kwamba ndege inapaa, "the plane takes off". Akauliza, "Ndege ipi?" Nikasema yoyote. Akasema yoyote haijui. Wakatunga ya kwao, "I take off my boots and I see my feet", navua buti naiona miguu yangu, na wanawake wote wakacheka kwa kuwa ndivyo ilivyo, saa kumi na moja jioni miguu ndiyo ya kwanza kushangaa. Baada ya hapo kila mtu alileta ya kwake. "The water ran out on Tuesday." "My goat ran away and came back with another goat," mbuzi wangu alitoroka akarudi na mwenzake. Mwaisha alileta hii, "My husband ran away. He did not come back. I got over it." Nilimweleza kwamba "get over" ni kupona jambo, kulimaliza moyoni, akasema basi hapo pana uongo kidogo lakini tuuache.

Nimeandika sentensi zote hizo kwenye kurasa za nyuma za daftari lako. Naomba radhi kwa kutumia kurasa zako bila ruhusa. Nilipofika kwenye "give up" nilimwomba mama yako atunge mwenyewe. Alipiga mchi mara tano au sita, kisha akasema kwa Kiswahili nimtafsirie: nilikata tamaa mara moja, baada ya kumzika baba yake Asteria, kwa wiki moja. Akataka "wiki moja" isikosekane. Sikuwahi kusikia habari ya wiki hiyo. Wewe ulijua? Nimeiandika kama alivyosema, "I gave up one time, for one week." Nilipata alama za juu kabisa katika somo la uandishi na sijawahi kuandika sentensi kama hiyo.

Wageni walifika Alhamisi, tarehe kumi na mbili, wawili, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe na kijana wa kuandika. Mzee Bujiku aliwaweka vitini. Kalisti alisimama katikati na faili lake kama kawaida. Mama mkubwa alisimama, amevaa kile kitenge ulichomtumia Krismasi, akainama kuwaamkia, kisha akamgeukia Kalisti.

"Pumzika, baba. Leo nimekuja na mdomo wangu."

"Mama, mbona unaninyang'anya kazi?"

"Nakupumzisha. Mwaka jana ulichoka."

Wanawake wakacheka ndani ya khanga, Kalisti akacheka nao kwa kukosa la kufanya, akasogea pembeni, lakini si mbali.

Mama mkubwa akaanza. "Madam, welcome. We get..." Akavuta pumzi. Na nyuma yake wanawake ishirini na sita, bila mtu kuwaambia, wakaitikia kwa sauti ya kazini, "UP!" Mgeni akaruka kitini. Mama mkubwa akaendelea kama mtu aliyekanyaga mwiba akajikaza, "at five o'clock. We look..." "AFTER!" "our children."

Hatukuliwaza hilo, dada. Wiki saba walikuwa wamejifunza hivyo, yeye aanze wao wamalizie, na hakuna aliyewaza kwamba mbele ya wageni angetakiwa kusema yote peke yake. Hawakuwa wanafanya mzaha. Walikuwa wanafanya kazi. Mama mkubwa akainua mkono kuwanyamazisha. Na hapo ndipo tulipoharibu zaidi, kwa sababu chini ya lile turubai mkono ukiinuliwa maana yake ni moja tu, ongezeni nguvu. Sentensi iliyofuata ilikuwa "We carry..." na "ON!" iliyotoka hapo iliwatoa wachimbaji mashimoni kuja kuona nani ameanguka.

Mzee Bujiku alitazama chini. Kijana wa kuandika aliacha kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mkubwa, nikaona shingo yake imelowa jasho, nikawaza kwamba sasa ataacha, kwa kuwa mimi ningeacha. Niliacha kwa watu watatu na glasi ya maji. Yeye alikuwa na watu zaidi ya hamsini na jina la kikundi kizima mgongoni. Aliushusha mkono taratibu, akatazama nyuma kwa wenzake, na nikaona anaamua. Akatabasamu. Akamgeukia mgeni, akasema polepole, kila neno na pigo lake, "Madam, we do not want to give..."

"UP!" wakaitikia, na yule mwanamke mwenye nywele nyeupe naye akaitikia pamoja nao. Sijui kama alijua atafanya hivyo. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaisogeza kalamu yake pembeni, akasogeza kiti karibu.

Kuanzia hapo mama mkubwa alisema yote. Kwamba wanajua mawe. Kwamba mashine haina macho. Kwamba wanataka kuchagua mawe, na wanataka karatasi. Kiingereza chake kilikuwa kifupi na kilikuwa chake. Kalisti alisikiliza mdomo ukiwa wazi.

Kisha mgeni akauliza swali lake, na halikuwa swali la mchezo. Aliuliza kwa kirefu, kuhusu vumbi la mawe linavyoingia kifuani na kukaa humo, kuhusu mashine kuwa ya kufunikwa, kama kinamama wako tayari kuacha kutwanga kabisa na lini, na ni nani kati yao atakayewajibika na orodha ya majina. Nilielewa kila neno. Mama mkubwa alielewa vumbi na kifua. Alisimama akisubiri mengine yamfikie, hayakumfikia. Kalisti akasogea hatua moja, akafungua faili, akaanza kwa Kiswahili, "Anasema mtafikiriwa..."

Mama mkubwa hakumtazama. Aligeuka nyuma, akanitazama mimi, akanyoosha mkono wake wa kulia kama anavyounyoosha akichoka.

"Violeth, take..."

Na wale wanawake wakamalizia, safari hii bila kelele, kama watu wanaomshikisha mtu kitu kizito, "over."

Lazima nikuambie hilo neno walilitoa wapi, maana huenda umesahau. Ni kwenye daftari lako, ukurasa wenye doa la mafuta. Uliandika, "When my mother is tired, I take over." Mama anapochoka, mimi napokea. Mlikuwa bado mnaishi Tinde, mkitwanga mahindi, na wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Mstari chini yake si wa mwalimu. Ni wa mkaa, na si mimi niliyeupiga.

Nilipokea, dada. Sentensi yangu ya kwanza ilitoka imepinda, ya pili nayo. Ya tatu ilinyooka. Sikuwa na nafasi ya kujisikiliza, kwa kuwa mgeni anauliza, Mwaisha anadakia, mama mkubwa anasema mwambie hivi, mwambie na hivi, na maneno yalikuwa yanatakiwa kufika, si kupendeza. Nilitafsiri kila kitu. Hata pale Mwaisha alipouliza kama mashine hiyo inaugua malaria nilitafsiri, na mgeni akajibu kwamba huharibika mara nyingi kuliko mtu. Tulimaliza saa nane. Nilipoketi mama yako akanipa maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Akasema "wabeja," asante tu, kama ambavyo humwambia yeyote aliyempokea mchi.

Karatasi ilikuja Alhamisi iliyopita, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kutwanga kutakoma Januari mashine itakaposimikwa. Wote ishirini na saba watakuwa wachaguzi wa mawe, kikundi chao kitabaki chao, na hawataondolewa bila barua. Hawakupata yote. Waliomba turubai jipya, likakataliwa mpaka mwaka kesho. Mama mkubwa hakutia sahihi mpaka niliposoma karatasi zote mbili kwa sauti, mstari kwa mstari, akilinganisha kwa masikio. Kalisti alikuja kuniomba nimfundishe ile njia ya vinu. Nimemwambia atafute mwenzake wa kumalizia, peke yake haiwezekani.

Kuhusu kikohozi, yule mgeni alipozungumzia vumbi nilimtazama mama mkubwa, na kesho yake nilimpakia kwenye bajaji tukaenda kupima. Picha ya kifua haikuonyesha jambo la kutisha, lakini daktari alisema vumbi limeanza kumchokoza na asitwange tena. Alitaka kubishana. Nikamwambia Januari ni mbali, mimi nitashika mchi wake mpaka hapo, yeye akae upande wa mawe. Tunafanya hivyo sasa. Viganja vyangu vimeota malengelenge, na Mwaisha amenipa jina la Mkalimani wa Michi. Wewe mwenye ujuzi utaniambia dawa gani nimuulizie kwa daktari, na kama khanga ya kufunga mdomoni inatosha kwangu.

Kuna jambo nililielewa kwa kuchelewa, na ni Mwaisha aliyeniambia, tukiwa kwenye kinu. Nilimwambia namstaajabia mama mkubwa kwa kutaka kusema mwenyewe. Akasema, "Kutaka? Alikuona unatetemeka na uji. Akatuambia tusikuulize tena, atajifunza yeye, na wewe ukae nyuma yake tu, kama utaweza utaweza." Kumbe wiki saba zile, Kiingereza chote kile, kilikuwa ni namna ya kunisimamisha karibu na mchi bila kunishikisha. Na ulipofika wakati hakuniuliza kama niko tayari. Aliunyoosha tu. Sijui mtu anajifunzia wapi kumjua mwenzake kiasi hicho. Najua somo hilo halimo katika shahada yangu.

Nimeandika tena kuomba kazi ya ualimu, shule nyingine. Wakiniita nitakwenda.

Amenikataza kukuomba uje. Anasema una wodi, una mume, una mtoto, safari ya kutoka Newala ni ya siku mbili na asiye mgonjwa haitiwi watu. Kwa hiyo sikuombi. Ila nakuambia hivi. Jumapili ijayo ukipiga simu, ukishamwamkia na kumjulia hali, sema neno moja tu la Kiingereza, "come", lile la yule mbuzi. Kisha nyamaza, usiongeze kitu, usikilize atakavyomalizia.

Msalimie sana shemeji Marcel, mwambie mua alionipandia nyuma ya nyumba umeota. Mbusu Luka kwenye pengo la meno. Huku mama mkubwa anakusalimu, mzee Bujiku anakusalimu, na Mwaisha anasema wewe ndiye mwalimu wake na ukucha wake anakudai wewe. Mungu awazungushie mkono wake huko mliko, awape mvua ya kutosha ndoo zenu, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyeshika mchi wa mama yako,

Violeth